Walichimba, Wakaondoka



Katika mji wa Bath, Uingereza, kipo kitongoji kiitwacho Combe Down, ambacho wakazi wake walijenga na kulea watoto juu ya uwazi. Katika karne ya 18 na ya 19 mawe ya chokaa yalichimbwa chini yake, na tajiri Ralph Allen ni miongoni mwa walioneemeka. Wachimbaji waliacha nguzo za mwamba zishike dari. Baadaye nguzo hizo hizo zikachongwa ili kupata mawe zaidi. Mahali pengine dari lilibaki na unene wa mita 2 tu.

Kati ya mwaka 2005 na 2010 mapango hayo yalijazwa. Kwanza zilitengenezwa njia zilizotegemezwa kwa chuma, wafanyakazi wasifukiwe. Kisha zege jepesi lenye mapovu, litiririkalo kama uji kabla ya kuganda, likasukumwa kwa mabomba: takriban mita za ujazo 600,000. Hata popo waliachiwa njia zao. (Kwetu mara nyingi husahauliwa hata mchimbaji mwenyewe.) Majengo zaidi ya 700 yalisalimika.

Gharama ilizidi pauni milioni 150, nazo zilitoka katika hazina ya umma, kwa maana waliouza mawe walikuwa wamekwisha kuwa mavumbi.

Viongozi wa jumuiya, mgodi unapofunguliwa kijijini kwenu, ulizeni: fedha ya kufukia mashimo ni kiasi gani, nayo inatunzwa na nani? Jibu lidaiwe kwa maandishi, mbele ya mkutano wa kijiji, kabla mkataba haujatiwa sahihi.