Protini iko kwa madondo, sio kwa paketi yako ya granola

Wasee, leo kuna watu watakasirika na ni sawa tu. Ile granola imeandikwa "protini nyingi" kwa herufi kubwa mbele ya paketi, mara nyingi haina protini nyingi. Ina oti, ina sukari, ina mafuta, na ina picha safi ya bakuli lenye matunda hujawahi kuyaona sokoni kwenu. Na wewe, mtu wa bedsitter, unaacha pesa ya chakula cha siku kadhaa hapo kwa kaunta ndio uanze "maisha ya afya".

Najua mtakuja kwa maoni: huyu jamaa aliacha chuo mwaka wa pili, lishe amesomea wapi? Poa. Hapa hakuna hesabu ya chuo. Ni kuzidisha na kugawanya, vitu tulifunzwa shule ya msingi. Twende pole pole.

Gramu moja ya protini hukupa kalori 4. Kwa hivyo ukitaka kujua kama chakula kina protini nyingi kweli, chukua gramu za protini, zidisha kwa 4, halafu gawanya kwa kalori zote za chakula hicho. Ulaya wana sheria ya mwaka 2006 kuhusu mambo ya kujisifu kwenye lebo. Huko, huruhusiwi kuandika "protini nyingi" kama protini haitoi angalau asilimia 20 ya kalori zote. Hata kusema tu "ina protini" lazima ufike asilimia 12.

Sasa tuseme paketi yako inasema gramu 100 zina kalori 450 na protini gramu 10. Kumi mara nne ni 40. Gawanya kwa 450. Unapata asilimia 9. Tisa, buda! Hiyo haijafika 20, na hata kwa 12 bado inatafuta fare.

Pimia hiyo rula vyakula tunavyovidharau:

Yai moja: protini gramu 6 hivi, kalori kama 70. Hiyo ni asilimia 34.

Maharagwe ya kuchemsha, yale madondo ulibakisha jana: karibu asilimia 27.

Maziwa ya kawaida au mala, bila sukari: kama asilimia 21.

Yaani madondo baridi kwa sufuria yanastahili hilo jina, na granola ya kaunta ya juu haistahili. Lakini nani ashawahi kupiga picha ya madondo saa moja asubuhi akaandika "siku yangu inaanza vizuri"? Hapo ndipo shida yangu iko. Sio kwamba watu wanakula granola. Kula, ni tamu. Shida ni tumefunzwa kuonea aibu kiamsha kinywa chetu. Mayai ya kuchemsha ya kibandani tunayaona ya watu wa mjengo, mala ni ya ushago, njugu ni za kununua kwa stage ukingoja matatu ijae. Halafu mtu anachukua oti na njugu hizo hizo, anaweka kwa karatasi ya kahawia yenye zipu, na tunalipa mara kadhaa bila kuuliza swali.

Na sisi wa kontenti ndio tunasukuma hii kitu. Paketi inaletwa bure, unaimwaga kwa bakuli jeupe mbele ya dirisha, unasema imekubadilisha maisha, unalipwa. Watu wanaokufuata wako hostel, wanaishi kwa pesa ya mathee. Kama hujawahi kugeuza hiyo paketi ukasoma nyuma, wewe ni bango tu lenye miguu.

Kwa hivyo ukienda supamaketi, geuza paketi. Mbele ni matangazo, ukweli uko nyuma. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, orodha ya viungo. Huandikwa kuanzia kile kizito zaidi kwenda chini. Kama sukari iko namba mbili, hiyo ni biskuti imevunjika. Na kuwa mjanja: sukari, asali na sharubati ya glukosi zinaweza kuandikwa kando kando, kila moja ikaonekana ndogo. Zijumlishe. Asali pia ni sukari, hata kama nyuki alifanya kazi kwa bidii. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, asali ikiwemo, isipite asilimia 10 ya kalori zako za siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi.

Pili, kipimo. Paketi inaweza kuhesabu gramu 30 kama mlo mmoja. Pima gramu 30 uone. Ni kama mikono miwili ya mtoto. Bakuli unalojimiminia wewe linaweza kufika 80, na sukari yake inapanda hivyo hivyo.

Tatu, maneno madogo "pamoja na maziwa". Hapo protini ya ng'ombe imehesabiwa kama ya granola. Soma safu ya gramu 100, bila maziwa.

Ama utengeneze yako. Huhitaji oveni. Sufuria pana na moto mdogo inatosha.

Tafuta oti gramu 500, zile nafaka bapa za uji, sio zile za kuiva haraka. Njugu mbichi gramu 250, mbegu za malenge gramu 100, simsim gramu 100, asali vijiko vikubwa 5, mafuta ya kupikia vijiko 3, chumvi kidogo.

Kaanga njugu kavu kwanza, moto mdogo, hadi ngozi ianze kutoka. Zikipoa, zisugue na uzitwange nusu nusu, zisiwe unga. Kaanga mbegu na simsim, dakika chache tu, simsim huungua ukigeuka kuangalia simu. Weka kando. Mimina mafuta na oti, koroga bila kuacha dakika kumi hivi hadi zinukie. Rudisha kila kitu, tia asali na chumvi, koroga dakika tatu, kisha tandaza kwa sinia. Itakauka ikipoa. Usiijaribu ikiwa moto ukasema imelainika.

Kitu kimoja sio cha mchezo: chagua njugu. Yenye ukungu, iliyonyauka au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu haionekani kila mara na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya, na njugu hushambuliwa na kuvu hiyo hiyo. Nunua kwa mtu anayehifadhi pakavu, usinunue mzigo wa miezi sita. Na kama njugu hukufanya uvimbe au ushindwe kupumua, hii resipe sio yako.

Sasa niipime yangu kwa rula ile ile, maana haki ni haki. Gramu 100 zinatoa protini kama gramu 16, kalori kama 470. Asilimia 13 na kitu. Imepita 12, haijafika 20. Njugu zenyewe zina mafuta mengi, zinagonga 18 tu. Kwa hivyo mtu akikuambia granola ya oti na njugu ina "protini nyingi" na hajaongeza unga wa protini, mwambie akuonyeshe hesabu.

Dawa ni kuacha kuipa granola kazi isiyo yake. Gramu 50 za hiyo ya sufuria ni protini gramu 8. Mala robo lita, gramu nyingine 8. Yai moja la kuchemsha, 6. Jumla 22. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 kwa siku, kwa hivyo umefika karibu nusu kabla hujatoka kwa nyumba. Na zaidi ya nusu ya hiyo protini imetoka kwa mala na yai, vitu viko kwa duka la hapo chini.

"Lakini pesa ni zangu." Ni zako kabisa. Ndio maana nataka ujue zinanunua nini. "Sina muda." Hiyo sufuria inachukua chini ya saa moja Jumapili na unakula wiki mbili.

Kazi ya leo: chukua paketi iko kwako, fanya ile hesabu ya protini mara 4 gawanya kwa kalori, na uandike namba hapa chini. Usiandike jina la kampuni, namba tu. Ikifika 20, nitakupongeza hadharani. Isipofika, madondo yanakungoja.