Kiyoyozi Izigo kinapoza nini?

Kwenye barabara ya lami kutoka Bukoba kwenda Muleba, ukifika Izigo, nyumba mpya zinachungulia katikati ya migomba. Geti la chuma, tofali za kuchoma, madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya buluu. Kwenye baadhi yake, nje ya chumba cha masta, imefungwa mashine ya kiyoyozi, na bomba lake la maji limechora mstari wa kijani wa ukungu ukutani mpaka chini. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Mwanza. Atakuja Krismasi, atalala wiki mbili, ataondoka.

Huo ni mzigo aliojitwika bure, na bei yake si ile aliyolipa dukani.

Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Joto la mchana kwa wastani ni kama nyuzi 26. Usiku hushuka mpaka 16 au 17, na mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Izigo, mwendo mfupi kusini mwake, haina hali tofauti sana. Mtu aliyezoea Dar es Salaam hutegesha rimoti kwenye 22 au 24 kwa mazoea tu. Hapa usiku nje kuna baridi kuliko hiyo aliyoiomba. Angefungua dirisha angeipata bila senti moja.

Wanaokitetea kiyoyozi wanayo hoja moja ya maana, nayo si joto bali unyevu. Huku mkoani Kagera nguo huota ukungu kabatini, viatu vya ngozi hugeuka kijivu, magodoro hunuka. Tena ni kweli kwamba kiyoyozi kilizaliwa kwa ajili ya unyevu. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier aliombwa kukisaidia kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya hewa yenye maji, rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Alichobuni kilikuwa cha kuikausha hewa, ubaridi ulifuata.

Lakini kiyoyozi cha nyumbani hukausha pale tu kompresa inapofanya kazi. Ndipo koili ya ndani inapokuwa baridi, mvuke ukaigandia, maji yakatiririka nje kwa bomba. Dar es Salaam kompresa huhangaika usiku kucha, kwa hiyo hewa hukauka. Izigo chumba kinafikia nyuzi zilizotakiwa baada ya dakika chache, au kilishazifikia kabla mashine haijawashwa. Kompresa inazima, feni ya ndani inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na unyevu uleule unarudi chumbani. Kile kitufe cha kukausha kwenye rimoti husaidia kidogo, lakini nacho hutumia kompresa, na chumba huwa cha baridi kiasi cha kudai blanketi la pili. Ndani ya mashine panabaki giza na majimaji, mahali ambapo ukungu hupapenda kuliko kabatini. Harufu ile ya soksi mbichi inayotoka kiyoyozi kinapowashwa baada ya miezi mingi, chanzo chake ndicho hicho.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa viwango vilivyotumika tangu mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1, asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, zinazofika 122 ukiongeza VAT na tozo. Akivuka, huhamishiwa kundi la kawaida la shilingi 292, ambazo kwa tozo hizohizo ni kama 356. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban uniti moja kwa kila saa kompresa inapozunguka. Tuseme, kwa huruma ya hali ya hewa ya Izigo, kompresa izunguke saa nne tu kwa siku: uniti 120 kwa mwezi. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa taa, televisheni na friji ilikuwa inalipa kama 7,300. Sasa inatumia 180, na zote, hata zile za taa, ni za bei kubwa: zaidi ya 64,000. Serikali imeshusha gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini mpaka 27,000 ili mwananchi apate mwanga. Fedha hizo hazilipi nyongeza iliyoletwa na mashine hii hata kwa nusu ya mwezi.

Na huo ni umeme tu. Kiyoyozi kinataka chujio lioshwe, koili isafishwe, bomba la maji lizibuliwe. Kuosha chujio mwenye nyumba anaweza mwenyewe: unafungua kifuniko, unalivuta, unalisuuza kwa maji na sabuni, unaliacha likauke kivulini. Kando ya ziwa hapa kuna shughuli ya ziada, maana vidudu vya ziwani huja kwa makundi mazito na kujibandika kwenye mapezi ya mashine ya nje. Kilichobaki ni cha fundi. Fundi AC wa kweli, mwenye geji na pampu ya kunyonya hewa, hayuko kila senta. Akiitwa kutoka mjini, nauli yake nayo inaingia kwenye bili.

Hapo ndipo panapoliwa fedha nyingi. "Gesi imeisha, bosi." Sentensi hiyo huwatoa watu wengi hela kila mwaka, ilhali gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi. Inazunguka kwenye mabomba yasiyo na upenyo. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu anajiwekea miadi ya mwakani. Gesi aina ya R410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi vilivyopo majumbani, ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ya ukaa. Kilo moja ikipotea ni sawa na tani mbili za hewa hiyo. Mkataba wa kupunguza gesi za namna hii ulipitishwa Oktoba 2016 hapo jirani, Kigali.

Nyumba inayofungwa miezi kumi na moja inaumia zaidi. Panya hutafuna nyaya, nyigu hujenga kwenye bomba la maji, mjusi hupita juu ya ubao wa umeme akakauka papo hapo na kuungua pamoja nao. Umeme nao hucheza. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imetegemea umeme wa kununua Uganda, unaoingia kwa laini ya Masaka mpaka Kyaka, na kompresa inayojaribu kuanza wakati umeme umepungua nguvu huungua. Wenye akili hufunga stabilaiza. Hiyo nayo ni gharama.

Si kwamba viyoyozi vipigwe marufuku Kagera. Chumba cha upasuaji kinakihitaji, maabara inakihitaji, chumba cha seva cha benki kinakihitaji kwa sababu mashine zenyewe zinatoa joto mchana na usiku. Ofisi ya mtendaji yenye madirisha mawili haikihitaji. Hata duka la dawa lifikiriwe upya: dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na chumba chenye dari na kivuli Bukoba mara nyingi hakifiki huko.

Joto la alasiri linalolalamikiwa kwa kawaida ni la bati lisilo na dari, au dari isiyo na matundu ya kutolea hewa. Dirisha la kuslaidi nalo lina lawama: halifunguki zaidi ya nusu, na waliolichagua kwa urembo waliziba matundu ya juu ya dirisha ambayo mafundi wa zamani hawakuyasahau. Nyumba za kale za maduka mjini Bukoba zina baraza pana mbele, na baraza haidai fundi.

Bajeti mpya za halmashauri huanza kutumika kila Julai. Kabla ya hapo madiwani wa Muleba na Bukoba wangeuliza ofisi zao zina viyoyozi vingapi, vingapi vinafanya kazi, vilisafishwa lini mara ya mwisho, na kama vile vya hospitali vimepata fungu lao la matengenezo kabla ya vile vya ofisini.