Injini mpya haitaki kubembelezwa, na haitaki hesabu

Wasee, leo tuongee kuhusu ovaholi, juu naona watu wakichoma pesa mchana peupe.

Iko hivi. Msee anakusanya doo miezi sita, anakopa ingine juu yake. Gari inaingia gereji pale Kariobangi ama Grogan. Injini inafunguliwa yote, silinda zinachongwa, pistoni na ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Wiki mbili gari iko juu ya mawe. Siku ya kuichukua, fundi ananawa mikono na petroli, anatoa maneno manne tu: "Endesha pole pole, buda." Jioni hiyo hiyo mwenye gari anampigia dereva simu: "Kesho hesabu iko?"

Miezi mitatu baadaye gari inatoa moshi wa bluu ikipanda Museum Hill, na kila mtu anamlaumu mwingine. Fundi anasema dereva aliikanyaga. Dereva anasema fundi aliweka ringi feki. Mwenye gari anasema wote ni wezi.

Saa zingine kweli ringi ni feki. Lakini mara nyingi hiyo injini ilikufa wiki ya kwanza. Mimi nasema hivi: kilomita 1000 za kwanza ni sehemu ya ukarabati, sawa tu na kuchonga silinda. Na bili yake ni ya mwenye gari, sio ya dereva.

Kabla mnirukie, sijasoma uinjinia. Chuo niliacha, mnajua hiyo stori. Lakini hii kitu haitaki digrii. Inataka tu uelewe kile ringi inafanya huko ndani.

Ndani kunaendelea nini

Ringi ya pistoni ni duara la chuma lenye mwanya mdogo. Kazi yake kubwa ni kuziba, ili mlipuko ubaki juu ya pistoni na oili ibaki chini. Sasa, silinda ikitoka kuchongwa ukuta wake hauko laini kama kioo. Una mikwaruzo midogo inayopishana kama alama ya X, na imewekwa makusudi. Hiyo mikwaruzo inashika oili, alafu inafanya kazi ya msasa. Ringi ikipanda na kushuka, vile vichongo vya juu vinasagika, na uso wa ringi unasagika pia, mpaka vitu hivyo viwili vinalingana kabisa.

Hapa ndio watu wengi wanapotea. Ringi haibanwi kwa ukuta na nguvu yake pekee. Petroli ikilipuka, gesi inaingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Mlipuko ukiwa na nguvu, ringi inabana vizuri na kusagika vile inafaa. Mlipuko ukiwa dhaifu, ringi inapapasa tu. Oili inabaki kwa ukuta, joto linaipika, inaganda kuwa utando wa kung'aa, kama ile chini ya sufuria iliyoungua mafuta. Msasa umeshazibwa. Kutoka hapo gari itakunywa oili, na mara nyingi dawa ni kufungua injini tena na kukwaruza kuta upya.

Na msasa wenyewe haudumu. Kazi kubwa inafanyika mapema sana, kilomita zile za kwanza kabisa. Ukizipoteza, huwezi kurudi nyuma.

Kwa hivyo ile "pole pole" ya fundi, ukiichukua vile ilivyo, inaweza kukuharibia. Msee anaendesha mwezi mzima kama amebeba mayai, 40 kwa saa, mguu haugusi mafuta, halafu anashangaa kwa nini inakula oili.

Mzigo sio mwendo

Kuna kambi mbili mtaani. Ya kwanza ni ya wazee: ibembeleze. Ya pili ni ya vijana wa mitandao: ikanyage kama umeiiba. Zote ziko na nusu ya ukweli, na zote zinachanganya vitu viwili.

Kupanda mlima na gia ya tatu, mguu umeingia karibu wote, mshale wa mizunguko uko 2500: huo ni mzigo. Ringi inaupenda. Kusimamisha gari, kuweka nyutro na kukanyaga mpaka mshale uguse nyekundu: hiyo ni mizunguko bila mzigo. Ringi haipati kitu hapo, na beringi mpya ambazo bado zimebana zinapata joto bure.

Injini iliyofunguliwa inataka mzigo wa muda mfupi, kisha kupumzika, kisha mzigo tena. Haitaki mizunguko mikali. Haitaki kukaa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Haitaki kuunguruma ikiwa imesimama. Sasa angalia Nairobi yetu. Jam ya Jogoo Road ni injini kuunguruma imesimama. Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27 za mwendo mmoja. Yaani ukiingiza gari kazini siku ya kwanza, mji wenyewe utaipa vitu viwili ambavyo haitaki.

Siku ya kwanza

Kabla kuwasha: oili, filta mpya, maji ya redieta, na hewa itolewe kwa mfumo wa maji. Weka oili ya kawaida, sio sinthetiki. Mafundi wengi wanaojua kazi wanasema sinthetiki inateleza sana kwa hatua hii, na pia oili hii ya kwanza utaimwaga haraka, kwa nini uitupe ya bei?

Alafu mwambie fundi atoe fyuzi ya pampu ya petroli, azungushe injini na stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwa beringi kabla ya moto wa kwanza. Hii inachukua dakika chache, na watu wanairuka kila siku.

Ikiwaka, angalia kama kuna mahali inavuja, angalia mshale wa joto, sikiliza. Usiiache dakika 40 ikiunguruma huku mbogi yote ya gereji inachukua video. Kama ni injini ya zamani, ile kamshafti yake inasugua tapeti bapa, hiyo ni tofauti: inataka mizunguko kama 2000 kwa dakika 20 hivi mara tu inapowaka, ndio kamshafti na tapeti zizoeane. Uliza fundi yako ni gani.

Baada ya hapo ingia barabarani. Kwa watu wa Nairobi, barabara nzuri tunayo bure: Waiyaki Way kuelekea Limuru, asubuhi ya Jumapili kabla watu waamke. Inapanda, kwa hivyo mzigo unaupata bila kukimbia. Injini ikishapata joto, toka 40 hadi 80 na mguu robo tatu hivi, kisha achilia mafuta kabisa, acha injini yenyewe ivute gari mpaka irudi 40. Kwa otomatiki weka 2, ama L, ama B kama iko, ili injini ishike. Rudia mara kumi hivi. Ukiachilia mafuta, silinda inavuta kidogo, oili inapanda kwa kuta na kuosha vile vipande vidogo vya chuma. Angalia kioo cha nyuma kila mara, usifanye mtu akugonge kwa sababu ya ringi.

Ukirudi, oili ikiwa bado moto, mwaga. Badilisha na filta. Utaona vumbi linalong'aa kama rangi ya kucha, hiyo ni kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kushika na vidole, simama, rudi kwa fundi. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena.

Mwaga tena kwa 500, tena kwa 1000. Injini ya 1NZ, ile iko kwa Fielder na Probox, inabeba chini kidogo ya lita 4. Linganisha bei ya hizo lita na bei ya kufungua injini mara ya pili, alafu uniambie ni gani ghali.

Mpaka ufike 1000, kaa chini ya mizunguko 4000, usivute gari ingine, usijaze buti na watu watano mpaka Naivasha. Badilisha mwendo kila wakati. Pima oili kila asubuhi. Sio kila wiki, kila asubuhi.

"Lakini gari mpya hazifanyi hivyo"

Nimeisikia. Kwanza, si kweli kabisa. Hata vitabu vya Toyota mpya vinakuambia mwanzoni usiende kasi sana na usikae mwendo mmoja kwa muda mrefu. Pili, kiwandani silinda inachongwa na kupimwa na mashine za kisasa, kuta zinatoka karibu tayari. Yako imechongwa jua kali. Fundi anaweza kuwa noma sana na mkono wake, lakini kazi aliyoacha imaliziwe barabarani ni kubwa zaidi.

Sasa tuje kwa hesabu

Haya yote dereva anaweza kuyajua na bado asiyafanye. Kwa nini? Juu kesho anadaiwa. Dereva wa teksi ama wa matatu anajua vizuri injini inahitaji nini, lakini ana hesabu ya mwenye gari, mafuta, na nyumbani kunangoja unga. Ukimwambia apoteze Jumapili akipanda Limuru bila abiria, atakuuliza ni nani analipia hiyo petroli. Na ako sawa kuuliza.

Mwenye gari anaona ovaholi kama deni ambalo gari lazima lilipe haraka. Gari imekaa wiki mbili bila kuingiza kitu, kwa hivyo ana haraka maradufu. Naelewa. Wengi wao si matajiri, ni mwalimu mahali aliyechukua mkopo wa sacco. Lakini hesabu ya siku tatu haiwezi kulingana na injini. Ukilazimisha dereva alete pesa siku ya kwanza, umechagua kuharibu kitu ambacho umetoka kulipia.

Pendekezo langu ni hili, na linaweza kuandikwa nyuma ya risiti.

Siku ya kwanza hakuna kazi. Kilomita 100 hivi, bila abiria, petroli na oili ya kumwaga ni ya mwenye gari, na dereva anapewa kitu kidogo juu ni kazi anafanya.

Kutoka 100 hadi 1000, gari inafanya kazi nyepesi na hesabu ni nusu. Ikipiga kilomita 150 kwa siku, hizo ni siku sita tu. Dereva anaruhusiwa kukataa safari ndefu na mizigo bila kupigiwa kelele.

Na fundi aandike. Aina ya oili, kilomita za kuimwaga, kikomo cha mizunguko, na siku ya kurudisha gari akague. Aweke sahihi. Moshi ukitoka baadaye, tunajua nani hakufanya sehemu yake. Sasa hivi, kwa sababu hakuna karatasi, lawama inashuka mpaka imfikie yule hana nguvu, na huyo ni dereva. Nimeona madereva wakikatwa pesa kwa injini ambayo hawakuharibu. Wengine wamefutwa kazi kabisa. Vijana wa rika letu, hao wanaoambiwa kila siku waache kuchagua kazi.

Kwa hivyo kama wewe ni dereva na gari yako iko juu ya mawe saa hii, usingoje siku ya kuichukua ndio uanze kubishana. Mtumie boss hii leo, kwa heshima, na uongeze mstari mmoja: "Mzee, tukubaliane wiki ya kwanza kabla fundi afunge hedi." Akikataa, angalau umeweka kwa maandishi. Iweke hiyo meseji vizuri.