TWAKATWA KILA MWEZI, LAKINI MATIBABU MEMA YAKO WAPI?



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa fedha za bima ya afya kwa hesabu mpya: shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara wote. Mwenye kupata shilingi 40,000 hutoa shilingi 1,100 kila mwezi, na mwajiri wake haongezi hata senti moja. Sisi hatuwezi kuchelewa wala kujificha, maana fedha hizo zatoka kabla mshahara haujafika mikononi mwetu. Basi tunaolipa bila kukosa tuna haki ya kuuliza tunanunua nini.

Twaambiwa kwamba hospitali zaendelea kuwa bora. Kweli, tumeona rangi mpya ukutani, na bango la ahadi mlangoni, na wauguzi wameitwa semina wafundishwe kumpokea mgonjwa kwa tabasamu. Tabasamu hatulikatai. Lakini mwenzetu mmoja alimpeleka mkewe kujifungua usiku, akakuta muuguzi mmoja na akina mama kumi na mmoja. Damu ilipohitajika, akaambiwa atafute mwenyewe watu wa kutoa. Muuguzi yule alikuwa mpole sana, lakini alikuwa peke yake.

Wako wanaosema kosa ni la wauguzi. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua kazi ya zamu. Sisi wa reli twajua kwamba treni haiondoki mpaka breki zimejaribiwa, na mkaguzi ametia sahihi hati na kumpa dereva. Hakuna anayeuliza kama dereva ni mcheshi. Na treni ikianguka, hupimwa reli, magurudumu, mwendo, na saa ambazo dereva amekuwa kazini. (Mara nyingine hata kwetu mzigo hutupiwa mdogo wa mwisho, lakini hayo tutayaandika siku nyingine.) Kwa nini basi mgonjwa akifa itafutwe sura ya muuguzi peke yake, wala isiulizwe stoo ilikuwa na nini usiku ule?

Tena haya si maneno ya vilabuni. Ripoti ya mwaka 2017 ilichungua vifo vya akina mama 484 waliokufa kwa ajili ya uzazi katika hospitali za Kenya mwaka 2014. Katika vifo 9 kati ya kila 10 wachunguzi waliona upungufu katika matibabu. Kilichoua wengi kuliko vyote ni kutokwa na damu. Kumbukeni, ndugu, kwamba akina mama hao walikuwa wamekwisha kufika hospitali. Malipo ya kujifungulia katika hospitali za Serikali yalikuwa yameondolewa tangu Juni 2013. Mlango ulifunguliwa, wakaingia, na ndani wakakuta mikono haitoshi.

Mabwana wakubwa watajibu kwamba ubora wataka fedha. Twakubali, na ndizo hizo tunazotoa. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2023 imeziruhusu hospitali za Serikali kubaki na fedha wanazokusanya ili wazitumie hapo hapo. Basi hesabu zi karibu, hazihitaji mtu kusafiri hadi Nairobi kuziona.

Kwa hiyo twataka mambo yanayohesabika. Kila hospitali inayopokea fedha za bima yetu ibandike ukutani, kila juma, idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku, dawa zilizokwisha, na damu iliyopo. Halmashauri ya hospitali iwe na mfanya kazi aliyechaguliwa na wenzake, asiwe mtu wa kuletwa na wakubwa kupiga makofi. Na wauguzi wanapodai watu zaidi katika zamu, tusimame nao, maana wanadai kwa ajili ya wake zetu na watoto wetu vile vile.

Wakati tukingoja majibu, mwanachama ye yote aliyeandikiwa dawa hospitalini akaambiwa akanunue nje, aitunze risiti ya duka na kuileta kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Aandike nyuma yake tarehe na jina la dawa. Tutazijumlisha zote, na jumla hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani.