GAZA: Bila Tarehe ya Kurudi, Hakuna Amani



Mimi ni nesi, nafanya kazi hapa Uingereza, na kwa kawaida ni msomaji tu. Siasa nawaachia wenye nguvu za kubishana mpaka usiku wa manane, maana mimi saa hizo ama niko wodini ama nimelala. Lakini hili la Gaza limenikaa kooni, na leo naomba nafasi nilitoe. Nitalisema kwa lugha ninayoijua, lugha ya kliniki.

Nilipokuwa mafunzoni kule nyumbani Tanga, tulikuwa tunatoka na kliniki ya mkoba kwenda vijijini. Mizani tunaitundika kwenye mwembe, mtoto anapimwa, anapewa matone ya polio mdomoni, na mwisho unaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi. Mwalimu wetu alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Ukimpa mama kadi bila tarehe, anakurudisha. Alikuwa anasema chanjo bila tarehe ya kurudi ni nusu ya kazi.

Sasa fikirieni yanayotakiwa ili mama yule arudi. Njia ipitike. Barafu isiyeyuke. Zahanati iwepo. Na yeye na mtoto wake wawe hai.

Mwaka 2022, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watoto 99 katika kila 100 wa Kipalestina walikuwa wamepata chanjo ya polio. Si jambo dogo kwa watu waliozingirwa tangu 2007. Halafu ikaja vita. Maji safi yakakatika, majitaka yakatiririka kati ya mahema, kliniki zikafungwa. Agosti 2024 mtoto wa miezi kumi akakutwa na polio, mguu umepooza. Ilikuwa mara ya kwanza Gaza katika miaka 25. Umri wa mtoto yule ulikuwa sawa na umri wa vita yenyewe.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nataka mlikumbuke. Septemba 2024 pande zote mbili, Israel na Hamas, zilikubali kusimamisha mapigano kwa saa chache za mchana, eneo moja baada ya jingine, ili watoto wapewe matone mawili. Na ikawezekana! Zaidi ya watoto 550,000 walichanjwa na kutiwa wino kidoleni. Kwa hiyo asituambie mtu kuwa kusitisha vita ni jambo gumu lisilowezekana. Liliwezekana kwa ajili ya matone mawili. Kilichokosekana siku nyingine zote ni nia.

Lakini tazameni pia udhaifu wake. Duru ya pili, Oktoba 2024, ilipofika zamu ya kaskazini, kampeni iliahirishwa kwa sababu ya mabomu, na ilipoanza tena Novemba ilifanyika Jiji la Gaza peke yake. Watoto wa Jabalia na Beit Lahia hawakufikiwa. Februari 2025, wakati wa usitishaji kamili ulioanza tarehe 19 Januari, wauguzi walitembea walikotaka, na kwa siku tano tu wakawafikia watoto zaidi ya 600,000. Wauguzi ni wale wale na chanjo ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwa bunduki zilikuwa zimenyamaza kwelikweli, si kwa kupumzika.

Tarehe 2 Machi 2025, siku nne baada ya kampeni kwisha, Israel ikazuia misaada yote kuingia Gaza. Tarehe 18 Machi mabomu yakarudi, na Wizara ya Afya ya Gaza ikahesabu zaidi ya watu 400 waliouawa siku hiyo moja. Tarehe 23 Machi kule Rafah wakauawa waokoaji 15, wanane kati yao wa Hilali Nyekundu, wakafukiwa mchangani pamoja na magari yao. Jeshi la Israel lilisema magari yalikuja bila taa. Ikapatikana video kwenye simu ya mmoja wa marehemu, taa zinawaka. Agosti 22 ikatangazwa rasmi njaa katika mkoa wa Gaza. Hiyo ndiyo tarehe ya kurudi waliyopewa akina mama wale.

Najua nitakayojibiwa, kwa hiyo niyajibu mapema.

Wa kwanza atasema, "Dada, mbona husemi ya tarehe 7 Oktoba 2023?" Nasema. Watu wapatao 1,200 waliuawa siku ile na takriban 250 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa ni vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja wao ulikaa Gaza zaidi ya miaka miwili, ukarudishwa Novemba 2025. Ule ulikuwa uhalifu, na siutafutii kisingizio. Wala simchukii Myahudi, namhudumia wodini kama ninavyomhudumia mwingine yeyote. Lakini mama wa Deir al-Balah hakumuua kijana wetu, na kifo cha kijana wetu hakihalalishi kuuawa kwa watu zaidi ya 70,000, idadi iliyotolewa na wizara ile mwishoni mwa 2025.

Wa pili atasema, "Kongo na Sudan nani anawasemea?" Ndugu yangu, una haki ya kuuliza. Oktoba 2025 kule El Fasher, Shirika la Afya Duniani lilieleza kupokea taarifa za watu zaidi ya 460 kuuawa katika hospitali ya wazazi. Niliposoma sikulala. Lakini sheria inayolinda hospitali ya Gaza ndiyo hiyo hiyo inayolinda ya El Fasher na ya Goma, Mkataba wa Geneva wa 1949. Ukiruhusu ivunjwe pale mchana kweupe na mkubwa asiguswe, wengine wote wanajifunza kuwa inavunjika. Kwa hiyo anayeisemea Gaza na akanyamazia Sudan amekosea, na dawa ya kosa lake ni kusema yote mawili, si kunyamaza yote mawili.

Tarehe 10 Oktoba 2025 usitishaji mwingine ulianza, mateka wakarudi kwao, wafungwa wakatoka, watu wakashangilia, na mimi nilishangilia. Lakini wiki zilizofuata watu waliendelea kuuawa. Kidonda chenye usaha hakiponi kwa kufungwa bandeji safi. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema uwepo wa Israel katika ardhi ya Palestina iliyoikalia tangu 1967 si halali na ukome haraka iwezekanavyo. Usitishaji usiogusa hilo utakuwa mapumziko tu, marefu au mafupi.

Sasa sisi tufanye nini? Wenzangu wa hapa Uingereza, wengi wetu hatujui kuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura. Jiandikishe, kisha mwandikie mbunge wako. Septemba 2024 serikali hii ilisimamisha leseni takriban 30 kati ya 350 za kuuzia Israel silaha, lakini vipuri vya F-35 vinavyopitia mpango wa kimataifa ikaviacha. Muulize kwa nini. Mliopo nyumbani, waulizeni wabunge wenu nchi yetu inapigaje kura Umoja wa Mataifa, na kwa sababu gani.

Mimi sitaki makubwa. Nataka nesi mwenzangu wa Gaza, ambaye simjui jina, aandike tarehe kwenye kadi ya mtoto, mwezi ujao na mwaka ujao, na awe na hakika kuwa mama atarudi na yeye atakuwepo kumpokea. Kabla ya hapo, msiniambie kuna amani.

Naomba kuwasilisha.