Barua ya Wazi kwa Urais wa Bosnia na Herzegovina

YAH: RAIA MNAOWAITA "WENGINE"

Waheshimiwa Wajumbe wa Urais,

Nawaandikia kutoka Arusha, mji uliokutana na nchi yenu mahali pa uchungu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa kwetu; iliyosikiliza kesi za mauaji ya Srebrenica, nchini kwenu, ilikaa The Hague, na kwa rufaa zote mbili zilikuwa na majaji walewale. Hivyo siwezi kuwaambia akina mama wa Srebrenica kwamba yaliyopita si ndwele. Kwao bado ni ndwele. Ninalotaka kuzungumza nanyi ni namna ya kuganga yajayo.

Agosti 2000, Warundi nao walitia saini mkataba wao wa amani hapahapa Arusha. Katiba yao ya 2005 iligawa viti vya Bunge, Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40. Lakini Watwa, walio wachache kabisa, hawakusahauliwa: walitengewa viti 3 Bungeni na 3 katika Seneti. Sisemi Burundi imepona, maana damu ilimwagika tena 2015. Nasema tu kwamba waliogawana madaraka walikumbuka kumtaja mnyonge kwa jina lake.

Katiba yenu, iliyozaliwa Dayton mwaka 1995 kama kiambatisho cha mkataba wa amani, inawataja Wabosniaki, Wakroati na Waserbia. Waliobaki wote wamepewa jina moja: "Wengine". Na hao Wengine hawaruhusiwi kugombea viti mnavyovikalia.

Jakob Finci ni mmoja wao. Sarajevo ilipozingirwa, shirika la Wayahudi wa mji huo, La Benevolencija, lilipika chakula na kugawa dawa bila kumuuliza mtu dini wala kabila, na Finci alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walishiba mkononi mwake. Vita vilipokwisha, akaambiwa hafai hata kuomba kura zao. Yeye na Dervo Sejdić, wa jamii ya Waroma, walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, wakashinda tarehe 22 Desemba 2009. Mwaka 2014 akashinda Azra Zornić, mama aliyekataa kujitaja kwa kabila lolote na kusema yeye ni raia wa Bosnia na Herzegovina, basi. Zaidi ya miaka 15 tangu hukumu ile ya kwanza, katiba iko vilevile.

Hata hao wenye majina hawajasalimika, maana haki yao hutegemea wanapoishi. Mserbia anayeishi Sarajevo hawezi kugombea Urais. Mbosniaki au Mkroati anayeishi Banja Luka hawezi. Mtu akihama mtaa, haki yake inabaki nyuma.

Waheshimiwa, Dayton ilinyamazisha bunduki, na heshima hiyo hakuna wa kuinyang'anya. Lakini mfupa uliovunjika hufungwa gango ili uunge. Ukishaunga, gango lisipofunguliwa, mguu hunyauka.

Nchi yenu iliomba kuingia Umoja wa Ulaya Februari 2016. Mwaka 2019 mkapewa mambo 14 ya kutimiza, na usawa wa raia ulioamriwa na hukumu ile umo. Desemba 2022 mkapewa hadhi ya mgombea uanachama. Machi 2024 viongozi wa Ulaya wakakubali mazungumzo yafunguliwe. Wakati huo wote vijana wenu wamekuwa wakifunga mizigo kwenda Ujerumani na Austria. Hao wameshaingia Ulaya mmoja mmoja, na nyumba zao zimebaki na wazee. Msingoje Brussels iwafanyie kazi hii. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Katika mji wa Jajce, wakubwa walipanga kuwatenganisha wanafunzi wa sekondari, Wabosniaki shule yao na Wakroati yao. Wanafunzi wenyewe waliandamana pamoja kupinga, na mwaka 2017 mpango ukaachwa. Walikuwa watoto waliozaliwa baada ya vita. Hawakuwa na cheo wala walinzi. Walikuwa na mabango tu, na wakashinda.

Najua katiba hurekebishwa na Bunge, si na Urais. Lakini viti vinavyobishaniwa ni vyenu, na neno la aliyekikalia kiti lina uzito kuliko la aliyenyimwa. Nawaomba mambo mawili. Kwanza, simameni pamoja, nyote watatu, mtamke hadharani kwamba raia yeyote wa nchi yenu anastahili kugombea nafasi yenu, popote anapoishi na vyovyote anavyojiita. Pili, waiteni viongozi wa vyama mezani, na msiinuke mpaka rasimu ya marekebisho ipelekwe Bungeni.

Mtaambiwa kwamba watu hawako tayari. Kumbukeni dirisha la dawa la La Benevolencija, mabomu yakianguka juu ya mji. Hapakuwa na foleni ya Wabosniaki, ya Waserbia, ya Wakroati, na nyingine ya Wengine. Watu wa Sarajevo walipanga foleni moja.

Wasalaam,

Mwananchi wa Arusha