Wishwa Tuliotupa

Juni 2024 mkate uliingia katika siasa ya Kenya. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Wananchi walilalamika, na pendekezo hilo likaondolewa hata kabla Rais hajakataa kutia sahihi mswada wenyewe. Miaka miwili nyuma, Februari 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipochacha, bei ya ngano ilipanda duniani nasi tukaumia. Ngano inayolimwa Narok, Nakuru na Uasin Gishu haitutoshi. Sehemu kubwa ya tunayokula yatoka ng'ambo.

Mara zote mbili tuliuliza swali moja: mkate ni shilingi ngapi? Mimi naona liko swali la pili tulilolisahau: ni mkate gani huo?

Swali hili lilinijia nyumbani. Mama yangu ana maradhi ya sukari, na daktari alimshauri apunguze mkate mweupe, ale nafaka isiyokobolewa. Nikamnunulia mkate wenye rangi ya kahawia. Aliumega, akautazama ndani, akaniambia: "Mwanangu, hii ni rangi tu. Wishwa wake uko wapi?" Nikasoma karatasi yake, naam, unga mweupe ndio uliotajwa kwanza.

Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda, ambalo ndilo wishwa, kiini chenye mafuta, na wanga mweupe wa katikati. Vinu vikubwa huondoa ganda na kiini, maana mafuta ya kiini huuharibu unga upesi, na mfanyabiashara ataka unga ukae. Basi twapata unga mweupe, mwepesi. Lakini pamoja na wishwa huenda nyuzi zinazozuia sukari isiingie damuni kwa kasi. Tangu 2012 sheria yetu yataka unga uongezwe vitamini na madini fulani, nyuzi hazirudishwi.

Weupe huu si asili yetu. Wazee wa pwani walijua mofa, mikate midogo ya unga wa mtama. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Sahl bin Saad alieleza kwamba zama za Mtume (s.a.w.) hawakutumia chekeche: shayiri ilisagwa, ikapulizwa, maganda yakaruka, na yaliyobaki yakakandwa. Leo sisi twaona haya kumwandalia mgeni mkate mweusi.

Mama aliamua kupika mwenyewe. Hutia vikombe viwili vya unga wa ngano usiochujwa wishwa, kimoja cha unga mweupe, hamira kijiko kidogo, chumvi, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu. Siri yake ni maji: wishwa huyanywa, kwa hivyo donge huachwa laini kuliko la chapati, likapumzika nusu saa ndipo likandwe. Likiumuka hutiwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, huachwa liumuke tena, kisha hupaliwa moto juu na chini. Mkate wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali. Wa tatu, watoto waligombania ukoko.

Siku nyingine badala ya ule unga mweupe hutia nusu kikombe cha unga wa mtama na nusu cha ngano. Mtama ukizidi, mkate hauinuki. Ukiwa kiasi, ngano ya ng'ambo hupungua mezani.

Wako watakaosema makaa ni ghali na akina mama wana kazi nyingi. Ni kweli, nasi wanaume tuna mikono ya kukandia. Wala mkate huu si dawa: mama bado huhesabu vipande vyake, na vidonge hakuviacha. Lakini ajua anachokula.

Kodi ilipotajwa tulipiga kelele, na ilikuwa haki yetu. Basi tutazame na hili: wishwa unaotolewa katika ngano yetu huuzwa ukawa chakula cha mifugo. Ng'ombe ala wishwa, nasi twalipia weupe. Yafaa tutafakari, ndugu msomaji, kabla ya kununua mkate wa kesho.